Nyasi Mbichi za Fisi

Mwaka huo Mto Mkwaju ulikauka ghafla, hata vyura wakanyamaza. Wanyama waliamka na kiu, wakalala nayo. Simba, ambaye hakuwahi kukosa wa kumlaumu, alitaka kujua nani kaleta balaa.

"Ni wale madume wanaopendana wao kwa wao, na majike vilevile, Mfalme," Fisi alimnong'oneza. "Mvua inawaonea aibu. Nipe ruhusa nimnase mmoja, atawataja wenzake wote."

Simba alikubali, na nyama akamwahidi Fisi.

Waliosemwa walikuwa na kundi lao kwenye simu, Kivulini, likisimamiwa na Sungura. Humo walionyana kuhusu njia zisizo salama na kutaniana. Mmoja wao alikuwa Heroe, ndege wa miguu mirefu. Mwenzake wa miaka mingi, dume kama yeye, alikufa kwa kiu ukame ulipoanza. Tangu hapo Heroe alisimama peke yake kwenye tope kavu, upande wake wa kushoto, mahali pa mwenzake, akiuacha wazi.

Fisi alifungua akaunti yenye picha ya swala kijana, akamwandikia Heroe kwamba yeye pia ni mpweke, basi wakutane nyuma ya kilima. Heroe alitamani sana mtu wa kuzungumza naye. Lakini Kivulini palikuwa na desturi: hakuna kukutana na mgeni mpaka ajirekodi akila, kwa kuwa picha huibwa kirahisi, ulaji huigwa kwa shida.

Fisi alijifunika ngozi ya swala, akatafuna nyasi mbele ya simu huku machozi yakimlengalenga, akatuma.

Heroe aliipeleka video Kivulini. Wengi walimcheka swala anayekunja uso kwa chakula chake mwenyewe. Sungura hakucheka.

"Kaka Heroe, hebu zitazame hizo nyasi."

"Naona anazitafuna vibaya."

"Ni mbichi. Kwa ukame huu, kazitoa wapi?"

Tumbili, mwanakundi mwepesi wa miguu, alipanda kile kilima alichoitiwa Heroe na kurusha picha mubashara: mawe yameziba mto, bwawa limejaa, na Fisi anaogelea chali, ngozi ya swala imeanikwa pembeni. Kivulini waliisambaza kwa majirani wote bila kutaja jina la mwenzao hata mmoja. Kabla ya adhuhuri hata watoto wa Simba walikuwa wanaitazama.

Simba alifika bwawani amenuna.

"Nilikuwa nakutunzia, Mfalme," Fisi alisema.

"Mimi nimekunywa tope mwezi mzima."

Fisi alifukuzwa kabla hajajikausha. Simba hakuomba radhi, maana hakuzoea, ila alitangaza kwamba asiguswe mtu kwa sababu ya anayempenda. Mawe yaliondolewa, mto ukatiririka tena. Heroe alikunywa taratibu, na maji yakapita upande wake wa kushoto.

Tangu siku hiyo, mnyama akisimama kumlaumu jirani kwa kiu ya wote, huulizwa kwanza yeye anakunywa wapi.