Karatasi Mfukoni mwa Mwalimu wa Hesabu

Ndugu zangu, kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mwema tu, kwenye kwaya akiimba besi. Kwa miaka kumi na tisa aliwafundisha watoto wa kidato cha pili kutafuta x, na sentensi yake ilikuwa moja. Hata waliomaliza shule zamani, wakikutana naye sokoni, walimtania kwa kuirudia: "Mlinganyo ni mizani. Unachofanya upande huu, kifanye na upande ule."

Mwaka mmoja shule yake ilitakiwa kupeleka mwanafunzi mmoja kwenye mashindano ya hesabu ya mkoa. Wakachujwa hadi wakabaki wasichana wawili, binti wa mpishi wa shule na binti wa mwalimu mwenyewe. Mwalimu akawaita ubaoni mmoja mmoja, darasa zima likitazama.

Alianza binti wa mpishi. Swali lake lilikuwa 3x + 6 = 21. Akaondoa sita kushoto, kulia akasahau, akaandika kwamba x ni saba.

"Sita umeiondoa huku. Na huku je?" mwalimu akauliza. "Muhula mzima naimba mizani, mizani. Nenda kakae."

Akaja binti wa mwalimu. Lake lilikuwa 4x + 8 = 28. Naye akaondoa nane kushoto, ile ishirini na nane ya kulia akaiacha ilivyo. Kosa lile lile, ndugu zangu, pale pale.

Mwalimu akakohoa. "Tazama tena, mama. Umepitiwa kidogo tu."

Mtoto akafuta. Akaondoa nane pande zote mbili, akagawanya kwa nne pande zote mbili, x ikawa tano. "Mpigieni makofi," akasema mwalimu. Wakapiga wawili watatu, wakaacha.

Binti wa mpishi akanyoosha mkono. Hakuwa na jeuri yoyote. Alitaka kujua, basi. "Samahani, mwalimu. Ile mizani ni ya namba tu?"

Niwaulize ninyi mlioketi hapa, mngemjibu nini?

Mwalimu alijisikia uso unawaka. Akageukia ubao ajifanye anafuta, na ubao ulikuwa umeshafutwa. Nyuma yake akamsikia mwanawe akiweka chaki mezani. Shuleni mtoto yule humwita mwalimu, ndivyo walivyokubaliana nyumbani, lakini siku ile alisahau.

"Baba," alisema, "mwambie na yeye atazame tena."

Binti wa mpishi akarudi ubaoni. Dakika haikuisha, x ikawa tano. Basi sasa wako sawa, mtasema, awape swali jingine amalize kazi. Ndivyo alivyotaka kufanya, ila mkono wake uligusa mfuko wa shati. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya kwenda mkoani, na jina lilikuwa limeshaandikwa. Alikuwa ameliandika asubuhi akinywa chai, kabla mtoto yeyote hajashika chaki. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani. Akaitoa ile karatasi, akaifunua mbele ya watoto arobaini, akaishika juu mpaka wa dawati la nyuma wakaisoma.

Mnamcheka? Sisi karatasi zetu ziko wapi? Mtoto wa jirani akianguka tunasema amelelewa vibaya. Wa kwetu akianguka pale pale, amepitiwa. Wa jirani tunamwambia nenda kakae, wa kwetu tunamwambia tazama tena, mama. Kisha tunasimama hapa tunaomba Mungu atupime kwa haki, na majina tumeshayaandika nyumbani.

Mwezi uliopita kuna binti tulimtenga. Tulimsimamisha hapa mbele, jina lake likasomwa, akaenda kukaa benchi la nyuma na tumbo lake. Leo yuko pale pale, msigeuke kumtazama. Mwaka juzi kijana wa mzee mmoja wa kanisa hili alifanya kosa hilo hilo. Yeye tulimwita ofisini, tukaongea naye kwa upole, na mlango ukafungwa ili msisikie.

Nalijua hilo kwa sababu mlango niliufunga mimi.

Binti yangu, leo njoo ukae mbele. Huko nyuma nitakwenda kukaa mimi.