Mashavu, Vunjajungu na Jogoo wa Uani

Paukwa!

—Pakawa!

Mko macho?

—Macho makavu!

Basi wa nyuma sogeeni, na anayetafuna muhogo ameze kabisa, maana sirudii.

Hapo zamani za kale alikuwepo mwanamke mfinyanzi, jina lake Mashavu, akiishi na mama mkwe wake, Bi Mwanakheri. Siku moja alikwenda kuchimba udongo, akamwona vunjajungu ametulia juu ya jani. Akampenda. Akampenda hasa! Kijani kibichi, kiuno chembamba, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayeomba dua. Mashavu akienda kulia, naye anageuza kichwa kulia. Akienda kushoto, naye kushoto.

Akamchukua, akamweka kwenye kijiti dirishani, akawa anamletea nzi. Akimaliza kula, Vunjajungu alijisafisha mikono, mmoja baada ya mwingine, kama paka. Mashavu alimtazama mpaka udongo ukamkaukia vidoleni.

Majirani wakashangaa. Si mnajua watu wasemavyo? Ukimgusa mdudu yule, lazima uvunje chungu. Na huyu ni mfinyanzi, tena anamfuga!

Ikaja harusi. Mashavu akaagizwa vyungu vya karamu. Akafinyanga, akavianika uani. Alfajiri Jogoo akapiga kelele:

"Kokoikoo! Kavunja! Vunjajungu kavunja!"

Mashavu akatoka mbio. Chungu kikubwa kuliko vyote kilikuwa vipande vitupu. Akafinyanga kingine, akaanika. Alfajiri ya pili:

"Kokoikoo! Kavunja! Vunjajungu kavunja!"

Akafinyanga tena. Alfajiri ya tatu, yale yale. Bi Mwanakheri akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mwanangu, nimenyamaza vya kutosha. Harusi iko mlangoni. Tukiwaaibisha watu, nani atakuagiza chungu tena? Tutakula nini? Mtupe mdudu wako huko uani, yaishe."

"Mtupe! Mtupe!" akadakia Jogoo. "Hapa hapa, mbele yangu!"

Mashavu aliumia sana. Lakini alikuwa mwanamke ambaye akishika lake haachi.

"Mama, niwie radhi. Nipe nafasi moja tu. Chungu kikivunjika tena, nitamtupa kwa mkono wangu mwenyewe."

Akaenda dirishani, machozi yanamlengalenga. "Rafiki yangu, ni wewe?"

Vunjajungu akageuza kichwa taratibu. "Wewe unakimbilia kelele, ndiyo maana unakuta vipande. Kaa kama ninavyokaa mimi. Usitikisike. Anayekuja atakuja mwenyewe."

Mashavu akafinyanga chungu cha mwisho, akakianika. Kabla hakujapambazuka akajikunyata nyuma ya kuni, mikono kifuani. Mbu wakamng'ata, hakutikisika. Mguu ukafa ganzi, hakutikisika. Mgongo ukamuwasha, jamani, mgongo! Hakutikisika.

Ndipo Jogoo akatoka bandani, anaangaza huku, anaangaza kule. Akarukia ukingo wa chungu, akainua mguu apige teke, huku akijisemea:

"Leo anatupwa. Leo namdonoa, kichwa kwanza, halafu lile tumbo nono..."

Hakumaliza. Mikono miwili ya Mashavu ilifyatuka kwa mpigo mmoja, pa! Akamdaka miguu.

"Kokoikoo! Kavu... kavu..."

"Sema vizuri! Nani kavunja?"

"Mimi," akasema Jogoo, kwa sauti ya kifaranga.

Bi Mwanakheri alikuwa ameshatoka, naye akasikia kwa masikio yake. Akatazama chungu, akatazama Jogoo, akashindwa hata kumtazama mkwewe usoni.

Vyungu vikakauka, vikachomwa, na ukivigonga vinalia vizuri. Bi Mwanakheri akasema, kabla havijapelekwa harusini, kile kikubwa kijaribiwe kwanza. Mnadhani kilijaribiwa kwa mchuzi gani?

—Wa jogoo!

Mmesema nyinyi, si mimi. Na tangu siku hiyo, aliyekuwa akimtafutia Vunjajungu nzi wanono ni Bi Mwanakheri mwenyewe.

Basi wanangu, kiumbe akiwa na jina baya, msimhukumu kwa jina lake. Tulieni, mtazame kwa macho yenu wenyewe. Na anayepiga kelele kuliko wote, mtazameni yeye kwanza.

Ngano yangu imeiva, naiepua. Aliyeshiba asiwe mchoyo, akamgawie na mwenzake.