Mwitikiaji wa Kivuko

Mwanamke mmoja alikuwa na kivuko. Hakukijenga yeye, wala hakikuandikwa kwa jina lake, lakini mto ulipita katikati ya mji wao, na mahali pale penye mawe kumi na saba yaliyopangwa na watu wa kale, kila mtu alipaita kwa Bi Mwanamkuu. Yeye alikaa ng'ambo, juu ya jiwe jeusi. Kazi yake ilikuwa kuitikia hodi.

Desturi ya wenyeji wa bonde lile ilikuwa hivi. Anayetaka kuvuka anasimama upande wa huku, anavua viatu, anapiga hodi, kisha ananyamaza. Kutoka upande huu mtu haoni mto unakotoka, kwa sababu unakata kona nyuma ya mianzi. Aliye juu ya jiwe jeusi anaiona kona yote, na juu ya kona anaona vilima. Mvua inaweza kunyesha vilimani wakati mjini jua linawaka na watu wameanika nguo, na maji yakaja bila kumwambia mtu. Kwa hiyo mwitikiaji hutazama kwanza. Akiona salama anasema, "Karibu." Akiwa na mashaka anasema, "Bado." Aliyeambiwa bado haulizi sababu. Hata bwana harusi na ngoma zake walikaa chini kwenye nyasi wakangoja. Na mwitikiaji mwenyewe alikuwa na sharti moja. Akiwa kazini hashuki jiweni, kwa maana akishuka hakuna tena anayeona.

Bi Mwanamkuu alikuwa na watoto wawili. Mkubwa, Mwamvita, hakuwa msemaji. Alikaa jiweni na mama yake akisuka ukili wa mikeka, mpaka akayajua maji kama mtu anavyojua sura za jirani. Mdogo, Pazi, alipenda maneno. Alimwuliza mama yake majina ya waliozikwa kando ya mto, na nani alichimba kisima kipi, na nyimbo za kufinyangia vyungu zilianza vipi, akayashika yote. Mama alipofariki kila mmoja alibaki na alichokijua. Pazi alichukua maneno. Mwamvita alichukua jiwe.

Wakati huo mji ulikuwa umekwisha kujenga daraja, na kivukoni hakuna aliyefika. Mwamvita aliendelea kwenda. Alikaa jiweni na ukili wake, akatazama kona, akarudi nyumbani. Miaka ikapita hivyo, bila hodi hata moja.

Ndipo Pazi akaanzisha matembezi. Kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya watu chini ya daraja, watu walioishi katika mji ule miaka mingi bila kujua nyumba zao zimekaa juu ya nini. Aliwaonyesha picha ambazo wachoraji walizichora kwenye nguzo za daraja. Moja ilikuwa ya mama yake juu ya jiwe jeusi, mkono ameuinua, mdomo wazi.

"Anasema nini?" wageni waliuliza.

"Anasema karibu," Pazi aliwajibu.

Kutoka hapo aliwapandisha kando ya mto. Aliwapitisha kwa wafinyanzi, wakashika udongo kwa mikono yao. Aliwapeleka kwenye nguzo za makaburi zilizochongwa zamani, ambazo sasa zimebanwa kati ya gereji na ukuta wa kiwanda, na mzee mmoja alikuta pale alama ya ukoo wake akakaa chini akalia. Haikuwa kazi ya uongo. Nasema hivyo ili mtu asimhukumu Pazi mapema. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo ni ya wote wanaoongoza matembezi. Alitembea kinyumenyume. Uso wake ulikuwa kwa wageni, apate kuona kama wanamsikiliza, na mgongo wake ulikuwa kwa mto.

Mwisho wa matembezi ulikuwa kivuko. Wageni walivua viatu wakavipanga mstari kwenye mchanga. Wakapiga hodi. Mwamvita akatazama kona, akatazama vilima, akasema, "Karibu." Na watu thelathini, waliozoea kugonga mageti yasiyofunguliwa, walisikia mtu asiyewajua akiwaitikia kutoka ng'ambo ya maji. Wengi walisisimka. Wakavuka, wakala muhogo wa kuchoma, wakarudi.

Jumamosi moja walipiga hodi, na Mwamvita akasema, "Bado."

Wageni wakakaa. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Jua liliwachoma utosini. Msimamizi mmoja aliyekuwa ameleta wafanyakazi wa ofisi yake alisema, "Huyo mama anangoja mboga zake ziive kwanza?" Wenzake wakacheka. Wakavaa viatu, wakaondoka. Baadaye maji yalikuja kweli, lakini yalikuwa machache. Yalifika kwenye vifundo vya miguu, yakapita.

Jioni Pazi alimfuata dada yake.

"Dada, leo umeniaibisha. Watu wameacha shughuli zao waje wakaribishwe."

"Maji yalikuja."

"Yalikuja ya kuoshea vyombo."

"Pale kwenye kona yote yanafanana, Pazi. Ukisubiri ujue ni ya kuoshea vyombo au ya kuoshea maiti, umechelewa."

Pazi hakukasirika. Alifikiri. Neno bado lilikuwa la mama yake na hakutaka lipotee, akalitafutia mahali. Alisema kuanzia sasa wageni watapiga hodi mara tatu. Ya kwanza dada ataitikia bado. Ya pili, bado. Ya tatu, karibu. Hivyo wageni watajifunza subira ya wazee, na watavuka kwa wakati.

"Na maji yakija?" Mwamvita aliuliza.

"Dada yangu, tangu mama atutoke, maji makubwa yamekuja mara ngapi?"

Mwamvita akahesabu. Hayakuwa yamekuja hata mara moja. Mbele ya hesabu hiyo hofu yake ilionekana kama ukaidi wa mtu mzima. Akakubali. Alikubali pia kwa sababu alikuwa amekaa peke yake jiweni miaka mingi, na Jumamosi zilikuwa zimemrudishia watu.

Wageni waliipenda sana desturi ile. Waliambiana mjini, na waliokuja baadaye walifika wakiijua. Mwamvita akisema bado, walisema naye kwa pamoja, wakacheka. Wengine waliigeuza utani wa nyumbani. Mke akiitwa mezani anajibu "Bado," na nyumba nzima inacheka.

Lakini Mwamvita alianza kukosa raha. Kila Jumamosi alisema bado mbili ambazo hakuzimaanisha, na kila aliposema aliona kama anatoa kitu ndani ya nyumba na kukiweka barabarani. Alitafuta neno la tatu, la kusema siku ya haja. Halikuwapo. Mama yake hakumwachia. Alikwenda jiweni alfajiri, kabla ya wageni, akatazama vilima mpaka macho yakauma. Alihesabu majani yaliyopita. Alisuka ukili akaufumua, akausuka tena. Majirani walimwuliza anaumwa nini, akasema haumwi.

Ikafika Jumamosi moja ya jua. Kwenye uzio wa gereji nguo zilikuwa zimeanikwa na zilikuwa karibu kukauka. Wageni walifika, wakavua viatu, wakavipanga. Pazi alisimama mbele yao, mgongo kwa mto.

Mwamvita aliona yangeyange, wale ndege weupe, wakiruka nyuma ya kona, wote kwa pamoja. Kisha akaona majani mabichi juu ya maji. Majani makavu huanguka yenyewe, lakini mabichi hung'olewa.

Wageni wakapiga hodi.

"Bado," akasema.

Wakacheka, kama kila mara. Wakapiga ya pili.

"Bado."

Aliisema kwa nguvu, na Pazi akafurahi. "Leo dada yangu ameamka vizuri," aliwaambia.

Wakapiga ya tatu, na wa mbele wakainua miguu.

"Bado," akasema Mwamvita.

Wa mbele wakarudisha miguu chini. Kisha wakapiga makofi. "Bibi leo anataka kubembelezwa," alisema mmoja. Pazi akatabasamu, akasema basi mpigieni ya nne. Wakapiga ya nne, na watatu kati yao walikuwa tayari juu ya mawe ya kwanza. Mwamvita akapaza sauti, bado, bado, na kila alipolisema neno lile wageni walilisema pamoja naye, kwa furaha, mpaka sauti yake ikazama ndani ya sauti zao.

Hapo akashuka jiweni.

Aliingia mtoni akiwaelekea, mikono ameitandaza. Wageni wakatoa simu zao wampige picha. Pazi aliona kwenye nyuso zao kwamba kuna kitu wanakitazama, akageuka. Hakuyatazama maji. Alilitazama jiwe jeusi, na jiwe lilikuwa tupu. Tangu azaliwe hakuwahi kuliona jiwe lile tupu wakati kuna mtu anayengoja kuvuka. Hakuhitaji kuelezwa. Aliwashika watatu waliokuwa juu ya mawe akawavuta, akawasukuma wote kupanda ukingoni, wazee na vijana, bila kusema samahani.

Maji yalitokea nyuma ya mianzi yakiwa yamesimama kama ukuta wa udongo. Yalichukua viatu kwanza, jozi thelathini, vikaondoka vimefuatana. Kisha yakamchukua Mwamvita.

Wafinyanzi walimkuta chini kwenye nguzo za daraja, amekwama kwenye matawi, wakamtoa kwa kamba. Alikuwa hai. Mguu wake ulivunjika mara mbili na haukunyooka tena. Wageni walirudi makwao peku, wakapita madukani na sokoni, na watu wakawatazama miguu.

Miezi mitatu baadaye matembezi yalianza upya. Habari ilikuwa imezagaa, na Jumamosi ile walikuja watu sitini. Pazi alitembea mbele yao akiangalia mbele, kwa hiyo wa nyuma hawakumsikia vizuri wakalalamika. Chini ya picha ya mama yake mtu mmoja aliuliza, "Anasema nini?"

"Nimekuwa nikiwaambia watu anasema karibu," Pazi alisema. "Mwenyewe sikumwuliza."

Walipofika kivukoni hakuwafundisha hodi. Aliipiga yeye, mara moja, uso kwa maji. Ng'ambo, juu ya jiwe jeusi, alikuwa amekaa Mwamvita, na fimbo yake kando. Asubuhi alikuwa amebebwa mpaka pale. Alitazama kona. Alitazama vilima. Akasema, "Bado."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajizuia.

Mbingu ilikuwa safi. Maji hayakufika hata vifundoni, na kokoto zilionekana moja moja. Pazi akakaa chini mchangani. Wengine wakakaa, viatu mikononi. Saa ikapita. Watu walianza kuangalia simu, kisha vivuli vyao, kisha njia ya kurudia.

"Ndugu, muulize basi anaona nini," mmoja alisema.

"Huwa hatuulizi."

"Na kama bado ametukasirikia tu, anatulipiza?"

Jambo hilohilo lilikuwa linamla Pazi moyoni tangu alipokaa. Aliutazama uso wa dada yake ng'ambo ya maji, na kwa umbali ule hakuweza kuusoma. Angeweza kupiga hodi ya pili. Ulimi wake ulikuwa tayari. Akaushika.

Watu sitini wakawa arobaini. Arobaini wakawa kumi na watano. Waliokuwa wakiondoka walipita karibu na Pazi makusudi, wapate kumwonyesha kwamba wanaondoka. Wengine walivuka darajani, wakafika ng'ambo kwa miguu mikavu, wakanunua muhogo, wakaula wakiwatazama waliobaki. Maji hayakuja adhuhuri. Hayakuja saa nane. Alasiri Mwamvita alitazama kona mara moja tena, akasema, "Karibu," na waliovuka mawe kumi na saba nyuma ya Pazi walikuwa wanne.

Wale hamsini na sita walisema mjini kwamba wamepotezewa siku, na maji yenyewe hawakuyaona.

Wakubwa zangu, nawauliza ninyi mnaoongoza na ninyi mnaoongozwa. Mtu akiwaambia bado, na maji yasije, mtamwacha aseme bado tena?