Kidogo Kilichokomaa

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo sina maneno mengi, na hayo machache niliyo nayo hayatawafurahisha wote.

Alikuwepo mtu mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya kupanda mlimani. Aliuza miparachichi, migrevilea, na maua ya kupanda getini. Lakini kilichosimamisha magari pale hakikuwa miparachichi, vilikuwa ni vibustani. Beseni la zamani lililotoboka, limejazwa udongo, ndani yake imepandwa mimea midogo midogo, majani yake kama punje za ulezi. Katikati kijia cha changarawe, na mwisho wa kijia kijumba cha vijiti vya kiberiti. Ukiinama kutazama, unajikuta unanong'ona, usije ukawaamsha wenye nyumba.

Vibustani hivyo vilitengenezwa na binti yake wa kwanza. Huyu binti, Mungu alimuumba wa kimo kifupi. Akisimama, kichwa kilifika kwenye mkanda wa baba yake. Alikuwa mtu mzima, jamani. Mdogo wake aliyemfuatia alikwisha kuolewa na ana watoto wanaokwenda shule. Lakini yeye pale nyumbani aliitwa Mtoto. "Mtoto, leta maji." "Wageni wamekuja, Mtoto apite nyuma." Aliomba kwenda kuuza sokoni, baba akasema bado. Aliomba kuingia kwaya, bado. Neno hilo mnalijua. Halimkatalii mtu, linamweka tu mlangoni mpaka azeeke.

Msidhani baba alikuwa mkatili. Alimpenda yule binti, na aliogopa watu watamcheka.

Sasa, pale sokoni kulikuwa na fundi cherehani aliyempenda yule dada, naye dada akampenda. Wakazungumza, wakaelewana. Fundi akamtuma mjomba wake kuposa, kama ilivyo desturi. Mjomba akapokewa, akapewa chai, akasema alichotumwa. Baba akatikisa kichwa.

"Mzee mwenzangu, nashukuru kwa heshima uliyotuletea. Lakini huyu bado mdogo."

"Bado mdogo?"

"Bado. Mngoje kwanza."

Wangoje nini? Hakusema. Mjomba hakubishana, mshenga habishani. Lakini dada alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, ameshika birika, na alisikia yote. Ninyi mmewahi kusikia maisha yenu yakikataliwa kwa neno moja, nanyi mko jikoni mnapasha maziwa ya mgeni?

Wazee wakatoka nje kuagana. Pale kitaluni mjomba akaona kibustani kimoja. Huyu hakuwa anamtega mtu, alitaka tu zawadi ya mkewe asirudi mikono mitupu. Akanyanyua beseni, akagusa kammea kaliko karibu na kile kijumba.

"Haka nikachukue sasa, au nikaache kwanza kakue?"

Baba akacheka. Hapo ilikuwa kazi yake, na kazi yake aliijua.

"Kakue kaende wapi? Haka kamekomaa, mzee. Watu wengi wanakosea hapo. Wanaona kitu kidogo, wanadhani ni kichanga. Mche mchanga wa mti, shina lake ni laini, na ukiupanda humu utakuja kupasua beseni. Sasa haka, gusa shina. Gumu. Halafu tazama, kametoa ua. Kitu kikishatoa ua, unangoja nini tena? Anayengoja haka kakue, atazeeka yeye."

Akamaliza kusema. Halafu akasikia alichokisema.

Mjomba aliangalia chini. Baba alibaki amesimama, anatafuta neno, na nadhani lililomjia mdomoni ni lile lile alilolizoea.

Dada, aliyekuwa akisikia dirishani, akatoka jikoni. Akalichukua beseni mikononi mwa mjomba, akafuta udongo ukingoni kwa pindo la kanga yake.

"Baba," akasema, "mdogo wangu leo anaitwa Mama Godlisten. Mimi naitwa Mtoto, na kichwani nimeanza kuota mvi. Nakuheshimu, baba. Lakini ukisema bado, naomba uniambie tunangoja nini."

Baba machozi yakamtoka, mzee mzima, mbele ya mgeni.

Mjomba akauliza taratibu, "Basi kijana nikamwambie nini?"

Dada akamrudishia beseni. "Mpelekee hiki. Mwambie Eliakunda amekubali."

Mnasikia? Kumbe alikuwa na jina. Baba akalirudia polepole, "Eliakunda," ulimi unamwia mzito, na jina hilo ni yeye aliyempa siku ya ubatizo. Kisha akamshika mjomba mkono, akamrudisha ndani wakazungumze mahari.

Sasa tuje kwetu sisi. Tusimcheke mwenye kitalu. Sisi parachichi tunalibonyeza tukajua limeiva, ng'ombe tunamtazama meno tukajua umri wake, lakini mtu tunampima kwa kimo. Nyumbani mwako ni nani anayepitishwa nyuma wageni wakija? Yule ndugu yetu aliyeacha pombe, mbona akipita bado tunamnusa? Yule kijana mwenye mke na watoto, mbona kwenye kikao tunamwambia anyamaze wakubwa wanaongea? Mungu amewapa watu hawa ua, tunaliona kwa macho yetu, na tunasema bado. Ndugu zangu, mara nyingi hatuwangojei wakue. Tunaogopa kwamba wamekwisha kukua.

Nimalizie na la humu ndani. Katika usharika huu kuna dada aliyeomba kusoma neno hapa mbele. Anasoma vizuri kuliko mimi. Ameomba tangu Pasaka, na jibu alilopewa mnalijua. Sitasema alipewa na nani. Wazee wangu wa baraza wamekaa pale, na masikio wanayo.

Jumapili ijayo somo atasoma yeye. Fundi wa mitambo, hicho kipaza sauti kinashuka mpaka wapi? Kishushe mpaka kimfikie.

Tusimame tuombe.