Uso Uliokuwa Chini ya Meza

Hapo zamani, na msianze kuniuliza zamani gani, maana wengine wenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mwanamke wa Malindi aliyeitwa Mejumaa. Mwanamke huyo hakuwa na utulivu. Akiketi, mguu wake wa kulia unacheza. Akisimama, anataka kwenda. Akienda, anataka kurudi. Kule Voi alikoolewa, mumewe alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye ameoa cherehani.

Basi asubuhi moja Mejumaa alikuwa akinawa uso, akamkumbuka marehemu mama yake, Bi Mwanatumu. Akaikumbuka sauti. Akakumbuka harufu ya mdalasini kwenye leso. Akataka kuukumbuka uso, uso haukuja. Akafumba macho, haukuja. Akafumbua, haukuja. Akabaki pale maji yakimchuruzika shingoni, akaogopa kweli kweli. Alikwisha kufiwa na mama mara moja, na sasa aliona anafiwa tena.

Mtasema, si atazame picha? Picha ipi? Bi Mwanatumu hakuwa mtu wa kupigwa picha. Ukimwelekezea kamera, anajifunika leso. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu siku ya kufuata cheti cha kifo, na hata picha ya humo ilikuwa kiza kitupu. Duniani ilikuwako picha yake moja tu, ya rangi, juu ya ubao. Aliichora kijana mmoja aitwaye Kahindi, aliyekuwa akila kwenye mkahawa wa Bi Mwanatumu enzi hizo. Ikatundikwa mkahawani juu ya mlango wa jikoni, na kila aliyeingia alisema, ni yeye mtupu.

Picha hiyo ilikwenda wapi? Hapo ndipo panapouma, kwa sababu ilipotea kwa mkono wa Mejumaa mwenyewe. Kwao, mtu akifa, kila picha iliyomo ndani hugeuzwa ukutani mpaka arubaini ipite. Msicheke, kila nyumba ina yake. Mejumaa akapanda kiti, akaugeuza ule ubao, ukabaki mgongo, mti mtupu usio na kitu. Arubaini ilipopita, hakuweza kuvumilia kuviona vyombo vya mama yake. Majirani wakaja, huyu anaomba sufuria, huyu benchi, naye anasema chukueni, chukueni, mguu unacheza, hata kutazama hatazami. Wakachukua sufuria, wakachukua mabenchi, wakachukua na mbao. Akafunga mlango, akaenda zake Voi. Alipokuja kuikumbuka picha ilikuwa ni baada ya harusi, akajua imekwisha kuwa kuni za mtu.

Lakini asubuhi ile ya uso kutokuja, alijiambia, huenda haikuchomwa. Akapanda basi, akarudi Malindi, akapanga chumba, akaanza kutafuta.

Malindi mnaijua. Kila hoteli ya ufukweni ina jumba la sanaa ubavuni, na kila jumba la sanaa lina mkahawa unaolitazama. Mejumaa akaingia jumba la kwanza. Ndovu. Akatoka. Akaingia la pili. Wamasai wanaruka. Akatoka. Akaingia la tatu, jua linazama, na ukuta wa pili jua lilelile linazama tena, kubwa zaidi. Akamwuliza mwenye jumba, "Huna picha za watu wa hapa? Wanaopika, wanaofua?"

"Dada, hao hawanunuliwi," akajibiwa.

Akatoka. Kati ya jumba na jumba alikula, kama kuonja kunaitwa kula. Viazi karai penye kona ya soko, akabakisha. Pitsa kwa Mtaliano, akabakisha. Mahamri na mbaazi kwa mama mmoja mkali, akabakisha, mama akamwuliza kama mbaazi zake zina sumu. Yeye alikwisha simama. Kila alipoketi aliona kama uso ule uko nyumba inayofuata, na akichelewa utaondoka.

Ndipo akafika kwa Athman. Jumba la sanaa la Athman lilikuwa sebule ya nyanya yake, nyuma ya msikiti, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa polepole, wa kupangusa miwani kabla ya kukujibu. Akamsikiliza Mejumaa mpaka mwisho. Akapangusa miwani. Akasema, "Wachoraji wa zamani hawakuwa na majumba, dada. Walitundika kwa waliowalisha. Usitafute huku kwetu. Tafuta mikahawani, tazama kuta."

"Nimeshatazama."

"Hujatazama. Umepita mbio."

Akafunga mlango wake, na ulikuwa msimu wa wageni, msisahau hilo, akafuatana naye. Wakaingia mkahawa baada ya mkahawa, macho kutani, Athman na miwani yake, na wenye mikahawa wakadhani hawa ni watu wa afya. Sahani zikafunikwa upesi, paka wakafukuzwa. Picha hawakuiona.

Kila jioni waliishia kwa Bi Esha. Bi Esha alikuwa shoga wa marehemu, na samaki wake wa kupaka alikuwa na ladha ileile ya Bi Mwanatumu, kwa sababu alimpika kwenye sufuria ileile. Siku ya kwanza tu Mejumaa alikuwa amemwuliza, na Bi Esha akamjibu bila kificho, "Picha sikupewa, mwanangu. Ulinipa sufuria, benchi moja na ubao. Ubao nikaufanyia meza, hii hii unayokulia wali."

"Ungekuwa ni picha ungeniambia."

"Ningekuficha nini mimi?"

Mejumaa akala matonge mawili, mguu ukaanza. Goti likagonga ubao kwa chini. Bi Esha akasema, "Mejumaa, meza yangu." Mguu ukatulia, ukaanza tena. Jioni ya pili, goti likagonga. "Mejumaa, meza yangu." Jioni ya tatu, vilevile. Athman akawa anashika bakuli lake kwa mkono, maana mchuzi ulikuwa ukimfuata.

Ikafika jioni ambayo mikahawa ilikuwa imekwisha. Hapakubaki ukuta. Mejumaa akaketi, akasema, "Kesho narudi Voi. Nimemsahau mama yangu, basi, nimemsahau." Mguu ukacheza kwa hasira, goti likapiga, likapiga, misumari ikaachia. Meza ikapinduka na samaki wake na wali wake, mchuzi mwingi ukamwishia Athman kwenye kanzu.

Bi Esha akashika kiuno. "Nilisema mimi."

Athman hakuishughulikia kanzu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya meza iliyolala chali, anapangusa miwani. Chini ya masizi na mafuta palikuwa na rangi. Nyekundu ya leso. Ncha ya kidole.

"Bi Esha," akasema, "nani alikupigilia meza hii?"

"Fundi tu wa mtaani. Akaniambia upande mmoja una masizi na marangi, mbovu, akaulaza chini."

Mejumaa akaketi sakafuni kwenye mchuzi.

Athman akaubeba ubao hadi kwake, na jumba likabaki limefungwa. Wageni wakagonga, hakufungua. Alisafisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu, padogo padogo, na Mejumaa nyuma yake anakwenda na kurudi, anamhimiza, "Fika usoni, kaka. Fika usoni." Athman hakufanya haraka. Mikono ndiyo iliyotoka kwanza, na juu ya mkono wa kulia palikuwa na kovu la mafuta ya moto. Mejumaa alilijua kovu lile. Akalia kwa sauti, akaliwekea kiganja. Ikatoka leso. Yakatoka mafiga na sufuria. Mwisho ukatoka uso, uso wa mwanamke anayetazama pembeni, anakaribia kucheka.

Mejumaa akautazama, akautazama.

"Ndiye?" Athman akauliza.

"Ndiye," akasema. Lakini alisema upesi mno.

Sasa kaeni sawa, maana hapa ndipo mtakapogombana.

Habari ikaenea, ikamfikia Kahindi mchoraji kijijini kwake. Akaja, mzee sasa, jicho moja limeziba kwa mtoto wa jicho, la pili linafuata. Wakakutana wote kwa Bi Esha, ubao umeegemezwa kwenye kiti katikati yao, na chakula kimepakuliwa, hakuna anayekula.

Mejumaa akaanza, kwa kuwa hakuweza kungoja. "Ni mama yangu. Sina picha nyingine, na kichwani sinaye tena. Ninyi mliomjua mnaye, mimi sinaye. Nipeni niondoke."

Bi Esha akasema, "Mwanangu, nakupenda, lakini ulinipa mwenyewe. Ulisema chukueni. Waliochukua mbao nyingine walipikia, mimi nikafanya meza. Nimeipigia sabuni miaka yote hii, sikuiacha mvuani, sikuiacha juani. Kama si meza yangu ungekuja kutafuta jivu. Na mimi pia nilimpoteza. Alikuwa shoga yangu, na kumbe nimekuwa nikila naye kila siku. Leo nimejua, ndiyo uninyang'anye?"

Athman akapangusa miwani. "Mimi sikuwa namjua marehemu. Lakini ubao huu ulipopinduka, ninyi mliona uchafu, mimi niliona picha. Nimeacha msimu mzima wa wageni upite. Mji huu umejaa ndovu na jua linalozama, na hakuna ukuta hata mmoja wenye mwanamke wa hapa aliyepika hapa. Uwekeni kwangu. Mlango wangu utakuwa wazi, kila mmoja atakuja kumwona apendapo. Mwanamke huyu akienda Voi, au akibaki jikoni, atakuwa amegeuzwa ukutani tena."

Mzee Kahindi akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa ubao. "Picha zangu zote zimepanda ndege," akasema. "Zipo kwa watu, sijui wapi. Sikubaki na hata moja. Jicho hili nalo linafunga. Nataka moja niishike nikiwa bado naiona."

"Mzee, mama alikulisha," Mejumaa akasema. "Picha ilikuwa shukrani yako. Ilikwisha kuwa yake."

"Mama yako alinilisha kabla sijashika brashi, na akanilisha baadaye. Hakutaka kitu. Alinikubalia nitundike, basi." Mzee akajitenga kidogo na ubao. Kisha akasema, "Na kuna jambo sijawahi kulisema. Uso hakunipa."

"Hakukupa vipi?"

"Alikataa. Alisema, mikono chora, ndiyo iliyokulisha, uso wangu niachie. Nikachora mikono yake. Uso nikauiba kwa msichana aliyekuwa nyuma yake akisuuza sahani, hatulii, kila nikiinua macho ananicheka. Uso ule ni wako, Mejumaa."

Bi Esha akasimama. "Mzee, usitutie wazimu. Nimekuwa na Mwanatumu tangu utotoni tukicheza kibe. Uso ule nimeushika kwa mikono hii siku tulipomwosha. Huyo ni yeye."

"Nimechora mimi, Bi Esha."

"Na nimemwosha mimi."

Wote wawili wakamgeukia Mejumaa. Nani mwingine wa kuamua? Naye ndiye pekee pale asiyeweza, maana kilichomleta ni kule kusahau. Akainuka, akaenda kwenye kile kioo kidogo kilichotundikwa juu ya bomba la kunawia mikono. Akajitazama. Umri wake sasa ulikuwa ni ule wa mama yake siku ya kuchorwa. Akarudi kwenye ubao, akatazama. Akaenda kwenye kioo. Akarudi kwenye ubao. Watu wa meza nyingine wakaacha kutafuna.

"Umeona nini?" Athman akamwuliza taratibu.

"Sijui," Mejumaa akasema. "Wallahi sijui." Akaketi, akasimama, akaketi. Akanyoosha mkono, akagusa kovu, hilo halikuwa na ubishi.

Wali ukapoa. Kila mmoja alikuwa na mkono wake kwenye ubao, mzee huku, Bi Esha huku, Athman huku, na hakuna aliyevuta. Wakaanza kubishana hata namna ya kuuegemeza usiku ule, uso nje au uso ukutani, na hilo pia likawashinda.

Sasa msinitazame mimi. Mimi nilipoulizwa nilitoa jibu langu, mke wangu akatoa lake, tukalala tumepeana migongo. Mzee asingechora, isingekuwako. Bi Esha asingeifanya meza, ingechomwa. Athman asingetazama, ingerudishiwa miguu na misumari, ikaliwa wali juu yake mpaka leo. Na goti la Mejumaa lisingekosa adabu, wote wangekuwa wamekwenda zao kulala.

Je, nani kati yao alistahili kuondoka na ubao ule? Na mkisema ni Mejumaa, basi niambieni, alikuwa akiondoka na picha ya nani?