Koti, Suruali na Tai ya Mzee Mbaruku

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, ambayo waliokuwapo bado wanaisimulia kwa sauti ya chini, palikuwa na meli kubwa ya starehe. Ilikuwa ndefu kama mtaa, na watu walilala humo, wakala humo, wakafuliwa nguo humo bila kukanyaga nchi kavu. Sheria zake zilikuwa nyingi, lakini iliyowatesa wanaume ilikuwa moja. Katika kila safari palikuwa na jioni ya mavazi rasmi. Jioni hiyo ukumbi mkubwa wa chakula ulifunguliwa, taa za vioo ziliwashwa, kinanda kilipigwa, na mwanamume asiyevaa koti jeusi, suruali nyeusi, shati jeupe na tai ya kipepeo hakupita mlangoni. Awe nani, awe na nini, hakupita.

Katika meli ile alifanya kazi binti wa Tanga, jina lake Batuli. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda vya wageni. Alipotumika miaka mingi bila doa, wakubwa wake walimwambia, "Walete wazazi wako wasafiri nasi mara moja." Ndiyo ilikuwa shukrani yao kwa mfanyakazi mwema.

Batuli akawapigia simu wazazi wake, Mzee Mbaruku na Bi Mwanaisha. Akawaeleza habari za vyumba, za vyakula, na za jioni ile. Mwisho akasema, "Baba, usisahau lile koti lako jeusi. Na suruali yake."

Sasa sikilizeni habari ya Bi Mwanaisha. Alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi ikiwa Ngamiani, anaitwa. Hitima ikiwa Chumbageni, anaitwa. Tangu usichana wake alipika pilau za watu, na siku zote alikula mwisho, nyuma ya nyumba, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anakwangua ukoko. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Mwanaisha, keti nikupakulie." Na sasa alikuwa mgonjwa. Hospitalini walikuwa wamemwambia mumewe, kwa upole, amrudishe nyumbani akamtunze. Aliposikia kwamba katika ukumbi ule mwanamke huvutiwa kiti, akaketi, akaletewa chakula, alisema, "Basi mimi nataka hicho tu. Niketi, nipakuliwe. Halafu Mungu afanye alitakalo."

Wiki ya safari, kijana wa jirani alikuwa anaoa. Akaja akabisha hodi. Mtaa mzima ulijua kwamba suti ya Mzee Mbaruku ilikuwa suti ya mtaa; wanaume wengi wa pale walioa wakiwa ndani yake. Mzee akasita. Bi Mwanaisha akasema kutoka kitandani, "Mpe, mume wangu. Bwana harusi harudishwi mlangoni."

"Na huko melini je?"

"Una kanzu yako ya darizi na kofia yako ya viua. Ndiyo nguo ya heshima hiyo. Nani atamfukuza mzee aliyevaa kanzu?"

Mzee akacheka, akatoa suti. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, kama ni kosa.

Basi jioni ikafika. Mzee Mbaruku akavaa kanzu, akajifukiza udi, akamshika mkono mkewe. Wakatembea polepole, wakipumzika kila baada ya hatua chache, hadi mlango wa ukumbi. Hapo alisimama mlinzi wa mlango, kijana wa Mombasa aitwaye Faraji, amevaa koti jeusi na tai ya kipepeo.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, koti liko wapi?"

"Mwanangu, kanzu hii nimeozeshea mabinti zangu."

"Naiona, mzee, na ni nzuri. Lakini hapa hapapitwi bila koti. Nikikupitisha wewe, kesho silindi tena mlango huu."

Nyuma yao mgeni mmoja, kijana wa kwetu kwetu, akanong'ona kwa nguvu, "Huyu babu kaja na gauni la kulalia." Wenzake wakacheka. Bi Mwanaisha akasikia. Akaegemea ukuta, akampapasa mumewe bega kama anayefuta vumbi.

"Nenda, mume wangu, kaazime. Mimi nipo."

Na mlango ukabaki umefungwa.

Mzee Mbaruku akaenda. Kwenye ujia wa vyumba akakutana na mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Lamu, Bwana Harith, anatoka chumbani huku akilinyoosha koti lake. Bwana Harith na mkewe walikuwa wamegombana hata wakakaribia kuachana. Safari ile ilikuwa ya kupatana. Alikuwa amemwahidi, "Jioni ya mavazi rasmi tutakaa meza moja, tuzungumze mpaka yaishe." Mkewe alikuwa ametangulia, ameshaketi, anamngoja.

Mzee akamweleza shida yake. Bwana Harith akautazama mlango wa ukumbi kule mbali. Kisha akavua koti.

"Vaa, mzee."

"Na wewe utavaa nini?"

"Nina hili moja tu. Lakini mke wangu ni mzima, anaweza kunisubiri. Wako hawezi."

Akamvisha mwenyewe. Akatoa vitu vyake mfukoni, lakini leso safi akaiacha, akasema, "Hiyo ya kumpangusia mama." Akarudi chumbani, akafunga mlango.

Mzee Mbaruku akarudi na koti juu ya kanzu, kama wavaavyo wazee kwetu siku ya ndoa. Akamkuta mkewe ameketi. Faraji alikuwa amemletea kiti chake mwenyewe, kile alichokalia miguu ikimchoka.

"Koti hili hapa, mwanangu."

Faraji akainamisha kichwa. "Mzee, koti sawa. Suruali je? Shati je?"

"Hata hivi?"

"Hata hivi, mzee. Nisamehe."

Bi Mwanaisha akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, "Nenda, mume wangu. Mimi nipo."

Na mlango ukabaki umefungwa.

Mzee akashuka ngazi akitafuta bintiye. Akamkuta Batuli amebeba shuka. Batuli hakuruhusiwa kuingia ukumbini na wageni, hata kwa kumsindikiza mama yake. Akaweka shuka chini, akampeleka baba yake kwa dobi wa meli, mtu wa Pemba aitwaye Makame.

Makame hakuwa na suti. Alikuwa na nguo za kazi, na zilikuwa zimelowa. Lakini kwenye kamba ilining'inia suruali nyeusi na shati jeupe, mali ya mgeni mmoja.

"Mwenyewe kalala na kichefuchefu tangu mchana," Makame akasema. "Leo hendi popote."

Batuli akashtuka. "Makame! Ukikamatwa?"

"Nikikamatwa nitakuwa nimekamatwa. Mama yangu alikufa mimi niko bahari nyingine, Batuli. Sikumpa hata kijiko cha uji. Mzee, vua kanzu."

Suruali ilikuwa ndefu. Makame akapiga magoti, akaikunja, akaibana kwa pini kwa ndani isionekane. Shati alilipiga pasi tena ingawa lilikuwa limenyooka, ili mzee alivae lina joto.

Mzee Mbaruku akarudi mlangoni mara ya tatu. Bi Mwanaisha alikuwa amelaza kichwa juu ya mgongo wa kiti. Faraji akamtazama mzee, koti sawa, shati sawa, suruali sawa. Akatazama shingo.

"Tai, mzee," akasema, na hakuweza kumwangalia usoni.

Mzee Mbaruku hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, wewe una mama?"

Bi Mwanaisha akafungua macho. "Nenda, mume wangu," akasema. "Mimi..." Asimalize.

Ndipo Faraji akapeleka mkono shingoni mwake. Akafungua tai yake ya kipepeo, akamfunga mzee, vidole vyake vikikosea na kurudia. Akasimama na shingo tupu kama mtu aliyetoka kulala. Kisha akafungua mlango, akamshika mama mkono mmoja na mzee mkono wa pili, akawapeleka hadi mezani. Kiti cha Bi Mwanaisha alikivuta yeye mwenyewe.

Akaketi.

Akaletewa supu, akaletewa samaki. Mzee akampakulia, akamtolea miiba. Akamlisha kidogo, akampangusa mdomo kwa leso ya Bwana Harith. Bi Mwanaisha akamtazama mumewe kuanzia kola hadi mikononi.

"Umependeza kama bwana harusi."

"Bwana harusi wa kuazima."

"Mtaani kwetu wote huwa wa kuazima," akasema, na akacheka kicheko chake cha jikoni, kile cha siku za afya. Kisha akavuta pumzi. "Mbaruku, leo nimeketi."

Kinanda kikapigwa. Watu wakapiga makofi. Mzee akachukua kijiko.

"Nikuongeze, mke wangu?"

Akainama karibu naye.

"Mwanaisha, upo?"

Hakupata jibu.

Walimzika katika bandari iliyofuata, mbali na kwao, kwenye makaburi ya watu wasiowajua. Mwenye suruali alikuwa ameamka kwa makofi yale, akataka nguo zake, akazikosa. Makame akateremshwa bandarini hapo hapo na begi lake, kazi imekwisha. Kabla ya kuondoka alikwenda makaburini, akabeba jeneza. Mkubwa wa ukumbi alikuwa amemwona Faraji na shingo tupu. Akamtoa mlangoni, akamshusha chini kuosha masufuria, na hadi leo yuko huko. Na mke wa Bwana Harith alikaa jioni nzima mbele ya kiti kitupu, watu wakimtazama. Mumewe alipomweleza sababu, alisema, "Nimesikia, na Mungu atakulipa. Lakini siku zote kuna mtu anayekuhitaji kuliko mimi." Waliposhuka, kila mmoja akashika njia yake.

Miaka ikapita. Batuli akaacha bahari, akaolewa Tanga, akajifungua mtoto wa kiume. Angekuwa wa kike, jina la bibi yake lilikuwa tayari, wala pasingekuwa na maneno. Siku ya saba, siku ya kunyolewa nywele na kupewa jina, Mzee Mbaruku akasema, "Nataka mjukuu wangu aitwe jina la mtu aliyemketisha bibi yake. Nani huyo? Semeni."

Batuli akawa wa kwanza. "Makame, baba. Bwana Harith alitoa koti, lakini koti peke yake lilirudishwa mlangoni. Makame alitoa riziki yake, na mpaka leo hajapata kazi ya maana."

Mume wa Batuli, Nasibu, akatikisa kichwa. "Mke wangu, Makame alitoa nguo za mtu. Cha mtu ukikitoa sadaka, thawabu ni ya nani? Harith alitoa chake, na ndoa yake ikaenda nacho. Mtoto aitwe Harith."

"Ndoa yake!" akasema Bi Tatu, dada yake Mzee Mbaruku, mwanamke asiyeogopa kikao. "Na yule mke aliyeachwa anatazama kiti kitupu, yeye aliulizwa? Huyo Harith wako naye alitoa sadaka cha mtu. Jioni ile ilikuwa ya mkewe. Mtoto aitwe Faraji. Hao wengine walitoa wakiwa wamejificha, mmoja kwenye ujia wa vyumba, mwingine kwenye mvuke wa pasi. Faraji alivua mbele ya macho ya watu wote, akijua."

"Faraji, shangazi?" Batuli akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka juu ya mtoto. "Faraji aliyewarudisha na kuwarudisha? Nguvu za mama ziliishia pale mlangoni. Angefungua mara ya kwanza, mama angekula akashiba."

"Angefungua mara ya kwanza angefukuzwa hapo hapo, na baba yako angetolewa ukumbini na kanzu yake, mama yako akiona. Ungependa hivyo?"

"Na kiti alimpa," Nasibu akasema taratibu, kama aliyeanza kusahau upande wake. "Kiti cha kwanza alichoketi mama kilikuwa cha Faraji."

"Kiti cha nje ya mlango," Batuli akasema.

Wote wakamgeukia Mzee Mbaruku.

"Mimi nilivaa vyote pamoja," mzee akasema. "Shati lilikuwa na joto, koti lilikuwa zito, tai ilinibana kidogo. Nimekaa miaka yote hii nikijaribu kukumbuka kipi kilinifikisha mezani. Sikumbuki. Namkumbuka yeye tu, anacheka."

Basi ninyi mlionisikiliza, mtoto yuko mapajani mwa mama yake, amelala, hana jina. Wembe uko juu ya kitambaa, na maji kwenye bakuli yanapoa. Harith alitoa koti lake, akampokonya mkewe jioni. Makame alitoa nguo zisizo zake, akapoteza riziki. Faraji aliufunga mlango, kisha akaufungua kwa tai ya shingo yake mwenyewe.

Je, nani alimketisha Bi Mwanaisha? Mtoto aitwe nani?