Tembo na Hazina ya Ukoo wa Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kila mnyama alikuwa na nyumba, mlango na jirani wa kumsengenya, kulikuwa na jimbo liitwalo Majabalini. Tegeni masikio, maana kisa hiki hakuna akijuaye kama mimi.

Siku moja baragumu lililia, puuu! puuu! Mheshimiwa Tembo, mkuu wa jimbo, akatangaza muswada, yaani sheria ambayo bado haijapitishwa.

"Kila pango, shimo na jabali litapimwa, tujue lina mali gani! Penye mali patafunguliwa. Hii ni fursa ya maendeleo! Jioni mtanyoosha mikono, tupitishe."

Kufungua maana yake Kifaru aingize pembe. Kwa Nungunungu walikwishafanya jaribio. Mali hawakuikuta, na nyumba hawakuiacha.

Bi Pimbi, mdogo kama kikapu cha mboga, aliyasikia hayo akiwa juu ya jabali lake. Ndani ya ufa walilala wanawe, wamezaliwa juzi tu. Moyo ukampiga du-du-du. Hofu ikamshuka tumboni, ikamkamata kibofu. Akabana.

Gu! Gu! Gu! Vijiwe vikaporomoka. Tembo huyo, na Kifaru ubavuni, na nyuma yao wanyama wote, kila mmoja akiiwazia nyumba yake.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sogea, Bi Pimbi. Kifaru, vunja tuone ndani."

"Ndani mna wanangu, baba!"

"Watoe."

"Niwapeleke wapi? Tai yule pale anawatazama!"

Kifaru akakwaruza ardhi, krrr! "Mama, ondoka. Mimi nikishaanza, kusimama sijui."

Bi Pimbi akatetemeka mpaka masharubu. Kidogo haja imponyoke. Akabana tena, machozi yakimlenga. Ndipo alipoona mkonga wa Tembo umenyooka kuelekea michirizi myeupe iliyong'aa ubavuni mwa jabali. Fuu, fuu, unanusa.

Nanyi mwamjua Tembo kwa chumvi: akiinusa tu, akili yote huhamia ulimini.

"Ile nini?"

Bi Pimbi akameza mate. "Ile... ile ni hazina ya ukoo wetu, Mheshimiwa. Bibi yangu aliiweka, mama akaongeza, nami naongeza kila siku. Sasa mali iko nje, ya nini kuvunja? Onja kwanza."

Lamba!

"Mmm! Ina chumvi!"

"Na ukali fulani hivi," akasema Kifaru, naye akilamba.

Tembo akawageukia wanyama. "Mnaona faida ya kupima? Hii ni mali ya jimbo! Nitaletewa nyumbani kila asubuhi! Haya, Bi Pimbi, inatoka wapi?"

"Nionyeshe mbele ya watu wote, Mheshimiwa?"

"Mbele ya wote! Sheria yangu haina siri!"

"Basi mniwie radhi."

Bi Pimbi akapanda ukingoni, akageuza mgongo, akaiachia hofu yote ya tangu asubuhi.

Chrrrrrr!

Ikateremka polepole juu ya ule weupe, mpaka pale pale ulipolamba ulimi wa Tembo.

Tembo akainua mguu mmoja, mkubwa, juu kabisa, na Bi Pimbi akafumba macho.

"Thu! Akh! Thu!" Kifaru akatimua mbio kwenda mtoni.

"Kwi!" likatoka nyuma. Alikuwa Nungunungu, asiye na nyumba. "Kwi kwi kwi!" Mara wanyama wote wakaangua kicheko, hata Tai akayumba hewani.

"Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi, sauti bado ikitetemeka, "kesho nikuletee kibuyu kimoja, au viwili?"

Tembo akaushusha mguu taratibu, akafumba mdomo, akaenda zake. Jioni alipoufumbua kuutetea muswada, wanyama wote wakaziba pua, na mikono ya kuziba pua haikupata nafasi ya kunyooshwa. Muswada ukafia hapo, na watoto wa Pimbi wakalala ufani mwao.

Basi, wanangu, kabla hujavunja nyumba ya mwenzio kutafuta mali, jua kwanza unacholamba.